Nyumba Isiyopigiwa Hodi

Usiku wa kwanza wa binadamu Mwezini haukuwa usiku, na waliojaribu kuulala hawakulala. Ilikuwa Julai 1969. Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikuwa wamekwisha kutembea juu ya udongo ule kwa zaidi ya saa mbili, wakarudi ndani ya chombo chao, Eagle, wakafunga mlango, wakatafuta pa kulaza mbavu. Pa kulaza hapakuwapo. Aldrin alijikunja sakafuni. Armstrong aliketi juu ya kifuniko cha injini, miguu akaitundika katika kitanzi alichokifunga mwenyewe. Baridi iliwaingia mifupani, mitambo ilivuma, na nuru ya jua ilipenya licha ya mapazia ya madirisha. Hatimaye Armstrong aligundua kwamba kulikuwa na taa nyingine iliyomkodolea macho: Dunia yenyewe, ikimulika kupitia darubini ya chombo hadi jichoni pake. Hivyo mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi alinyimwa usingizi na kwao.

Eagle haikustahili kuitwa nyumba. Nafasi yake ya ndani ilikuwa mita za ujazo nne na nusu hivi, na mahali pengine ukuta wake ulikuwa na unene wa kama theluthi moja ya milimita. Kilikuwa kibanda cha wapita njia. Hata Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17, waliokaa kuliko wote mnamo Desemba 1972, walihesabu saa 75 tu wakaondoka. Tangu hapo hakuna aliyelala huko tena. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wamekuwa wakichora nyumba za Mwezini: si za kupitia bali za kukaa, za mtu kuamkia, kupikia, kuugulia na kugombania zamu ya kuosha vyombo. Michoro hiyo inafaa kusomwa na watu wa fasihi pia, kwa sababu kila mstari wake ni jibu la swali ambalo aliyezaliwa duniani halazimiki kujiuliza: nyumba ni nini hasa?

Lugha yenyewe inaonekana kusitasita mbele ya safari hii. Mswahili akisema kuwa bibi fulani yumo mwezini, hana maana kwamba amepaa kwa roketi. Anazungumzia ada ya kila mwezi ya mwanamke, na msikilizaji mwenye adabu hubadilisha mazungumzo. Mwezi katika Kiswahili umekuwa wakati zaidi kuliko mahali: huandama, hulipiwa kodi, hungojewa mshahara. Kuufanya kiwanja cha kujengea ni kukivika kiambishi tamati -ni maana mpya, na huenda ndiyo sababu baadhi ya waandishi hukimbilia "kwenye Mwezi", kana kwamba wanaogopa kueleweka vibaya. Hapa litatumika "Mwezini", kwa herufi kubwa, na wenye kutabasamu watabasamu.

Mjenzi wa duniani hupigana na adui mmoja kuanzia msingi hadi paa, naye ni uzito. Nguzo, boriti, matao, kuta nene za matumbawe za miji ya pwani, vyote ni mbinu za kuzuia kilicho juu kisije chini. Mwezini uzito ni sehemu moja ya sita ya ule wa duniani, na mtu angedhani kuwa kazi ya ujenzi imekuwa nyepesi kwa kiasi hicho hicho. Sivyo. Nje ya ukuta hamna hewa ya kuvuta. Ndani lazima iwemo, la sivyo mkaaji hufa. Hewa hiyo iliyofungiwa husukuma kuta kwa nguvu ambayo vitabu vya sayansi vya Kiswahili huiita kanieneo. Ikiwa ndani kutawekwa hewa nzito kama hii ya ufuoni, kila mita moja ya mraba ya paa itasukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani kumi, yaani tembo wawili wakubwa, nao wanasukuma kutoka chini kwenda juu. Mwenye nyumba akiamua kulikandamiza paa kwa kulifunika udongo wa kina cha mita mbili, atakuwa amepandisha mzigo ambao duniani ungekaribia tani tatu na nusu kwa kila mita ya mraba. Mwezini mzigo huo huo una uzito wa kama nusu tani. Tembo wawili hawatausikia.

Kwa hiyo nyumba ya duniani huogopa kuanguka, na ya Mwezini huogopa kupasuka. Ndiyo maana michoro mingi ina umbo la puto, mtungi au yai. Pembe, ambazo mafundi wetu hujivunia unyoofu wake, huko ni mahali pa kuanzia ufa. Aliyezaliwa katika msonge angeizoea nyumba hiyo upesi kuliko aliyelelewa katika fleti.

Adui wa pili ni jua, na wa tatu ni kukosekana kwake. Mchana wa Mwezini hudumu takribani majuma mawili yetu, kisha usiku nao hushika zamu ya muda kama huo. Karibu na ikweta joto la mchana hupita lile la maji yachemkayo, na usiku baridi hufika nyuzi 130 chini ya sufuri. Juu ya hayo kuna miale ya angani isiyozuiwa na hewa wala usumaku, na vijiwe viendavyo kasi kuliko risasi. Dawa ya yote hayo ni moja, nayo ni ya kale: kujifukia. Vipimo vilivyoachwa ardhini na Apollo 15 na 17 vilionyesha kwamba kina cha mita moja tu chatosha kumfanya mtu asijue kama huko juu ni mchana au ni usiku.

Mnamo 2013 Shirika la Anga za Juu la Ulaya, pamoja na kampuni ya wasanifu ya Foster + Partners ya Uingereza, walitangaza mchoro wa makazi ya watu wanne uliofuata wazo hilo. Puto lingepulizwa kwanza, kisha roboti zingelifunika kwa ganda la udongo wa papo hapo, tabaka juu ya tabaka, lenye vitundu ndani kama mfupa wa ndege ili liwe gumu bila kula udongo mwingi. Ili kuonyesha kwamba hawaoti, walichapisha tofali moja la tani moja na nusu kwa udongo wa kuigiza uliotokana na jiwe la volkeno la Italia. Mahali palipopendekezwa ni ukingoni mwa kasoko la Shackleton, kwenye ncha ya kusini. Juu ya ukingo huo kuna vilele vinavyopata jua sehemu kubwa ya mwaka. Chini, kina cha kilomita nne, kuna kiza ambacho hakijafukuzwa kwa mamilioni ya miaka, na katika kiza cha namna hiyo maji hayakimbii. Mwaka 2009 Wamarekani walikibamiza kipande cha roketi makusudi ndani ya kasoko jingine la kusini, Cabeus, na katika vumbi lililoruka yakaonekana maji.

Wapo wanaouliza kuna haja gani ya kufunika ilhali Mwezi umekwisha kujijengea. Wakenya hawahitaji darubini ili kuielewa hoja hii. Katika Mlima Suswa, ndani ya Bonde la Ufa, na katika Vilima vya Chyulu, lava ilipokuwa ikitiririka uso wake ulipoa ukawa mgumu, huku tumbo likiendelea na safari. Tumbo lilipokwisha kupita, ganda likabaki tupu. Pango la Leviathan huko Chyulu lina urefu wa zaidi ya kilomita kumi na moja. Mwezini, ambako uzito ni haba, mapango ya aina hiyo yanaweza kuwa mapana zaidi bila kuporomoka. Chombo cha Kijapani, Kaguya, kilifichua mwaka 2009 shimo linaloelekea kuwa paa lililotoboka la pango kama hilo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trento, Italia, walionyesha kwa mawimbi ya rada kwamba shimo jingine, katika Bahari ya Utulivu, bahari kavu ile ile walikotua Armstrong na mwenzake, linaongoza kwenye pango. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kivulini mwa shimo hilo joto hukaa karibu nyuzi 17, kama asubuhi ya Nairobi. Pale Suswa mapango yana wenyewe tayari: nyani huingia humo jioni kulala, na hakuna msanifu aliyewachorea.

Lakini ni jambo la kusikitisha kiasi kwamba binadamu asafiri kilomita 384,000 ili akaishi shimoni. Wasanifu wanalijua hilo, na dirisha limewasumbua kuliko paa. Kila dirisha ni udhaifu wa ukuta na mlango wa miale. Kila ukuta usio na dirisha ni uzito juu ya moyo. Mwaka 2020 wasanifu wawili vijana wa Denmark walijifungia kwa siku 60 kaskazini mwa Greenland ndani ya nyumba ya kukunjuka waliyoibuni kwa ajili ya Mwezi. Ndani waliweka taa zilizobadilika rangi kufuata saa za siku na hata kuiga mabadiliko ya hali ya hewa, ili kesho isifanane na leo. Taa hiyo yaeleza zaidi juu ya binadamu kuliko tofali la tani moja na nusu.

Tuseme sasa mkaaji yumo ndani, salama. Shida huanza anapotoka na kutaka kurudi. Vumbi la Mwezini halijapata kusuguliwa na upepo wala maji, kwa hiyo kila punje imebaki na makali yake kama kigae kilichovunjwa jana. Wanaanga wa Apollo walirudi chomboni wakiwa wamepakwa vumbi hilo kama waliotoka kuchoma makaa. Lilinuka kama baruti iliyokwisha kulipuka, likayala mavazi, na Schmitt likamziba pua kama aliyeshikwa na mafua. Katika nyumba ya kukaa miezi, lingeingia mapafuni kila siku. Wahandisi walifikiri, na mojawapo ya majibu yao lingemchekesha bibi yeyote wa pwani: vazi libaki nje. Litaangikwa ukutani upande wa nje, mgongo wake umeshikamana na kijilango, na mtu atalivaa kwa kujipenyeza kutoka ndani. Kwa maneno mengine, viatu vivuliwe mlangoni.

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani. Mwezini methali hiyo inakosa nguvu, maana huko mlango una kazi kuliko nyumba. Si ubao mmoja bali ni chumba kizima chenye milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja kamwe: wa nje hufungwa, hewa hujazwa, ndipo wa ndani hufunguliwa. Nyumba za kale za Lamu zina daka, sehemu ya mlangoni yenye mabaraza ya mawe, ambapo mgeni hukaa kabla haijajulikana kama atakaribishwa ndani au shughuli yake itakwishia pale pale. Daka la Mwezini lipo, ila halina baraza, na anayesubiri humo husubiri hewa. Hodi nayo haitamfaa. Sauti husafiri hewani, na nje hakuna hewa. Mtu anaweza kupaza hodi hadi koo likamkauka, na aliye hatua moja ndani asisikie kitu. Akiugonga ukuta kwa mkono, mtikisiko utapita katika chuma na kusikika. Kwa hiyo huko kubisha kunawezekana, hodi haiwezekani, na wanaisimu wanaweza kuamua kitenzi hicho kitafanya nini bila yambwa yake.

Hewa yenyewe ina visa vyake. Mnamo 1991 watu wanane walijifungia huko Arizona, Marekani, ndani ya jengo kubwa la vioo lililoitwa Biosphere 2, pamoja na msitu, shamba na bahari ndogo, ili waishi miaka miwili kwa kile ambacho jengo lenyewe lingezalisha. Baada ya miezi kumi na sita oksijeni ilikuwa imeshuka kutoka karibu asilimia 21 hadi kama 14, na wakaaji wakawa wanahema kama wapanda mlima. Ikabidi iingizwe nyingine kutoka nje. Vijidudu vya udongo wenye rutuba vilikuwa vikiila oksijeni na kutoa kabonidioksidi. Mimea ingeirudisha, lakini saruji ya kuta iliitangulia, ikaifyonza na kuifanya jiwe. Nyumba ilikuwa ikivuta pumzi za wenyewe.

Waliofanikiwa zaidi walikuwa wanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha Beihang, Beijing, kuna maabara iliyofungwa yenye jina la fahari, Kasri la Mwezi, na kuanzia Mei 2017 hadi Mei 2018, siku 370 kwa jumla, vikundi viwili vya wanafunzi wanne wanne walipokezana humo chini ya uongozi wa Profesa Liu Hong. Kasri lenyewe lina mita za mraba 160 hivi, mashamba yakiwemo. Wakaaji walipanda ngano, soya na mboga. Walivuta hewa iliyotolewa na mimea, na mimea ikavuta yao. Mkojo wao ulisafishwa ukarudi kuwa maji. Kwa kitoweo walifuga mabuu ya mbawakawa, ambayo yalilishwa mabaki ya mimea yasiyolika. Kikundi kimoja kilikaa siku 200 mfululizo. Mwanafunzi yeyote wa bweni anajua jinsi wanne wanavyoweza kugombana juu ya ndoo moja. Humo kila mmoja alikuwa pumzi ya mwenzake kwa maana halisi, si ya kishairi. Yeyote aliyewahi kuandika tasnifu atawahurumia pia kwa jambo jingine: wao wenyewe ndio waliokuwa data.

Msomaji wa Kenya atauliza, na ana haki ya kuuliza, haya yote yanamhusu nini anayelala chini ya mabati. Jibu la pupa ni kwamba fedha zimepotea njia. Novemba 2022 shirika la anga la Marekani lilimpa mjenzi mmoja wa Texas, kampuni ya ICON, mkataba wa dola milioni 57.2 ili atafute namna ya kuchapisha barabara na majengo kwa udongo wa Mwezi. Lakini ICON ilianza kwa kuchapisha nyumba za watu wa kawaida, na mashine za jamii hiyo zimefika hata Kilifi, ambako kufikia mwaka 2023 nyumba kumi za kwanza za mradi wa Mvule Gardens zilikuwa zimesimama, kuta zake zikiwa na mistari ya tabaka kama kikapu kilichosukwa. Kwa hiyo si kweli kwamba chombo ni cha wale na shida ni za hawa. Jambo linaloumiza ni jingine, nalo limo katika sheria.

Ibara ya 12 ya Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, ambao Kenya nayo imeukubali, yasema kwamba vituo vyote vya Mwezini vitakuwa wazi kwa wawakilishi wa nchi nyingine za mkataba, nao watoe taarifa mapema kabla ya kuzuru. Hodi, basi, imeandikwa. Ila katika ibara hiyo kuna masharti ya maneno machache: kwa msingi wa kutendeana. Yaweza kusomwa hivi, kwamba anayefunguliwa ni yule ambaye naye ana mlango wa kufungua. Asiye na nyumba huko atamkaribisha nani? Mgeni njoo mwenyeji apone ni kauli ya mtu anayedhani kwamba mgeni yeyote, hata asiye na kitu, huja na kitu. Mkataba haudhani hivyo.

Na wenye kujenga wenyewe wamegawanyika. Marekani na nchi zilizotia saini Makubaliano ya Artemis, yaliyoanza mwaka 2020, miongoni mwao Rwanda, wana mpango wao. China na Urusi zilikubaliana mwaka 2021 kujenga kituo chao. Macho ya wote yako kusini, penye jua na barafu, eneo ambalo si kubwa. Siku moja mtu wa upande mmoja ataishiwa na hewa karibu na nyumba ya upande wa pili. Mkataba wa kuwaokoa wanaanga upo tangu 1968, lakini mkataba hauingizi mtu ndani. Kinachomwingiza ni upana wa mlango, kipimo cha komeo na kanieneo ya hewa iliyo nyuma yake.

Hilo limewahi kutokea mara moja, katika obiti ya Dunia, tarehe 17 Julai 1975, Apollo ya Marekani ilipokutana na Soyuz ya Kisovieti. Vyombo hivyo havikulingana kwa lolote. Wamarekani walivuta oksijeni tupu, nyepesi. Wasovieti walivuta hewa ya kawaida, nzito. Kupita moja kwa moja kutoka hewa nzito kwenda nyepesi kungewatia maradhi yale ya mzamiaji aibukaye haraka. Wahandisi wa pande zote mbili wakabuni komeo lisilo na dume wala jike, ili pasiwepo wa kusema kwamba yeye ndiye aliyeingiliwa, na kati ya vyombo wakaweka chumba kidogo cha kusubiria, daka hasa. Kisha Aleksei Leonov na Valery Kubasov, wakiwa wenyeji, wakapunguza hewa ndani ya chombo chao hadi kama theluthi mbili, ili kupita kusichukue saa nyingi. Mlango ulipofunguliwa, Leonov na Thomas Stafford walishikana mikono pale kizingitini. Baadaye Wamarekani walipokuwa mezani kwa Wasovieti waligawiwa mirija yenye vibandiko vya vodka, wakahimizwa kunywa kwa heshima ya siku ile. Ndani mlikuwa na supu.